Utambi wa Fulana

Mimi ni fundi bomba.
Nimewapandishia watu wa Mbezi maji mpaka ghorofa ya tatu,
nimewatoboa ukuta wa vigae bila kuupasua.
Kwangu Kigogo bomba hukohoa Jumanne usiku,
saa nane, saa tisa, likikumbuka.
Tunajaza madumu gizani, tunaamshana kwa kugonga madirisha,
na kukipambazuka limerudi kuwa chuma tu.

Ndiyo maana pilipili za mke wangu zilikufa mara mbili.
Hakusema neno. Aling'oa vijiti, akakung'uta mizizi,
akaliacha beseni tupu mlangoni,
pale pale nitakapojikwaa.

Nikatafuta ndoo mbili za rangi, za lita ishirini,
moja bado ina ukoko wa kijani cha ukuta wa zahanati.
Nikazipachika, hii ndani ya ile:
juu udongo na samadi ya kuku wa Kondo,
chini maji, na giza lao.
Msumari niliuchoma kwenye mkaa hadi ukawa mwekundu,
ukazama kwenye plastiki, harufu ikamfukuza paka.
Kipande cha bomba cha inchi moja, mabaki ya kazi ya mtu,
kikawa koo la kunyweshea;
mdomoni nikafunga chandarua,
maana mbu wa hapa hawangoji kualikwa.
Ubavuni tundu dogo. Likitoa chozi, acha. Imeshiba.

Sikudhani, jirani, alikuwa kwenye mbuzi anakuna nazi.
"Fundi, tangu lini maji yakapanda mlima?"

Swali zuri. Miaka ishirini na sita nimekula
kwa sababu maji hushuka.
Tangi juu, bomba chini; maji hufuata mkondo,
mimi hufuata maji.
Na kweli, utambi wa kwanza ulimpa ushindi:
kamba ya nailoni. Siku mbili, juu vumbi, chini maji,
kama ndugu wa tumbo moja waliogombea kiwanja.

Usiku ule umeme ulikatika,
nikakumbuka kibatari cha mama, kule Maneromango:
mafuta ya taa yakipanda kitambaa
bila kusukumwa na mtu,
naye akikata ncha kwa mkasi wa kushonea,
"Usiuvute sana. Utakula moshi."

Nikachana fulana yangu ya kazi, pamba tupu,
iliyolowa jasho kwenye nyumba za watu.
Asubuhi nikatia kidole kwenye udongo.
Baridi.
Nilikiacha humo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kisha nikapata kazi Kibaha, siku tisa.
Mke wangu alikuwa Mkuranga, dada yake kajifungua.
Jua lile la Februari mnalijua.
Nilirudi nimejiandaa kung'oa vijiti.

Pilipili zimesimama. Maua matatu meupe, yameinama kama yana haya.
Nikatumbukiza ufito kupima, nikijisifu kimoyomoyo:
maji yamejaa mpaka tundu la ubavuni.

Mpaka tundu.
Baada ya siku tisa, ndoo ile ilitakiwa iwe na tope.
Na chini yake ardhi mbichi, duara la ukubwa wa sahani.

"Mvua ilinyesha," alisema Sikudhani,
macho kwenye mchele anaouchagua.
Majani ya mpapai wake yalikuwa meupe kwa vumbi.
Dumu, wiki hiyo, lilikuwa mia tano.

"Mvua yenye shabaha," nikasema.
"Imelenga tundu la inchi moja."

Hakucheka. Alitupa punje mbovu, akaendelea.

Kwa hiyo sijui, na sitajua,
ni fulana iliyofanya kazi au ni yeye.

Jumamosi nimechuchumaa mlangoni kwake na ndoo mbili,
msumari uko motoni.
Ameniletea jezi ya mwanawe, namba saba mgongoni.

"Hii nailoni, dada, hainywi," nikamwambia.
"Nitafutie pamba. Nitafutie kitu kilichozoea jasho."